Boti Niliyoipiga Picha Nikiwa Nimelala

Wanawake wanaoanika chisense pale Kashikishi waliwahi kubishana juu ya kichwa changu kama niko hai. Nilikuwa nimelala kifudifudi mchangani, simu mbele ya pua, nikingoja wimbi dogo lije liguse jiwe fulani nililolipenda. Chisense ni samaki wadogo, wembamba kuliko kidole cha mtoto, na huanikwa kwa maelfu mpaka ufuko mzima unang'aa kama bati jipya. Mimi nilikuwa katikati yao.

"Shikulu amekufa," mmoja alisema, akiniita babu kwa Kibemba.

"Mufu hajikuni," mwingine akajibu. "Angalia muguu."

"Alor, eko anafanya nini?"

"Anapiga foto ya maji."

"Juu ya nini alale? Maji haikimbii."

Wakaniruka na mabeseni yao wakaendelea na kazi. Mimi nilinuka samaki siku kadhaa, na paka wa jirani akahamia kwangu bila kuulizwa. Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu nitakayoyaeleza baadaye hayanipendezi, na ni vizuri msomaji ajue kwamba kulala chini kulinipa pia furaha ya kweli.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa Mweru, Kilwa ya Kongo, si ile ya pwani inayosomwa kwenye historia. Mama yetu alituvusha tukiwa wadogo, mimi na dada yangu, tukakulia Nchelenge, upande wa Zambia. Nilisoma sekondari kwa Kiingereza, nikapigwa viboko kwa Kibemba, nikafanya biashara kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi nilinunua samaki Kashikishi na kuwapakia kwenye malori ya kwenda migodini Copperbelt. Magoti yalipokataa malori, watoto wangu walioko Kitwe walinipa simu yenye kamera nzuri. Nafikiri walitaka nipunguze kuwapigia na nitafute kazi nyingine ya kufanya na mikono.

Nikaipata. Niliingizwa kwenye kundi la simu la wapenda picha za ufukweni, watu wa Mwanza, Kigoma, Bukavu na kwingineko, kila mmoja akijigamba kwa maji ya kwao. Nilituma picha yangu ya kwanza ya jua likizama Mweru nikakaa kungoja sifa. Kiongozi wa kundi, mama mmoja wa Mwanza ambaye sijawahi kumwona uso, akaniandikia: "Shikamoo mzee wa Mweru. Ziwa lako linamwagika."

Niliitazama upya. Ni kweli, mstari ule wa mbali ambapo maji hukutana na mbingu ulikuwa umeinamia kulia kama meza iliyovunjika mguu. Ukiwa Nchelenge unatazama ziwa, kulia ni kaskazini, na kaskazini ndiko maji yetu yanakotoka ziwani kwa mto, upande wa Pweto, kuingia ndani ya Kongo. Nikawaonyesha wavuvi bandarini.

"Ona sasa," mvuvi mmoja akasema, akimgeuzia simu mchuuzi wa Kongo aliyekuwa anapanga magunia. "Njo vile munafanya. Munainamisha ziwa, samaki yote inakuja kwenu."

"Na nyinyi munanyoosha mukono tu kulilia," mchuuzi akajibu bila kuinua kichwa. "Inamisha na wewe."

Nilijifunza kuunyoosha mstari kwa chupa ya maji. Unaijaza nusu, unailaza kwenye kitu kigumu, unaweka simu juu yake, na maji ya ndani yanakuonyesha ulipoinama. Nikatuma tena. Mama wa Mwanza akasema sasa mstari umenyooka lakini umekata picha katikati kama mkate. "Nipe mbingu au nipe maji," aliandika. "Usinigawie nusu kwa nusu kama mirathi."

Hilo lilinichukua muda. Mtu aliyeishi kando ya maji haoni sababu ya kuchagua. Juu mbingu, chini ziwa, Mungu mwenyewe amegawa. Lakini nilianza kujiuliza kila jioni ni kitu gani kimenitoa nyumbani. Kama mawingu ya mvua yamepanda juu ya Kongo kama milima, basi mstari nauteremsha, maji yanabaki utepe tu. Kama mbingu ni tupu na nyeupe kama shuka la hospitali, na kule chini kuna matete, maboya ya nyavu na alama za miguu ya ndege, basi mstari naupandisha mpaka karibu na ukingo wa juu. Na mbele, karibu kabisa na macho, lazima pawe na kitu cha kukukaribisha ndani: jiwe, kasia, chochote. Halafu akatuambia jambo la mwisho, yule mama: shuka chini. Ulimwengu unaoonekana ukiwa umesimama kila mtu ameshauona.

Magoti yangu hupigwa lakini hayarudi, kwa hiyo nililala kabisa.

Hapo lazima niseme habari ya shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa mvuvi wa chisense, mtu mkimya mwenye mabega mazuri, na akikaa kwenye ukingo wa boti yake jioni alikuwa kitu cha mbele bora kuliko jiwe lolote. Nilimpiga picha nyingi sana. Zote jua liko nyuma yake, zote yeye ni kivuli cheusi kilichokatwa vizuri, na kundi lilizisifu mpaka nikavimba. Alipofariki, dada yangu aliniomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilipekua simu mbele yake. Mabega yalikuwepo, kasia lilikuwepo, jua lilikuwepo, mawingu yalikuwepo. Uso haukuwepo hata mara moja. Tulikuza picha ya kitambulisho chake, ile ambamo mtu yeyote hufanana na mwizi, na ndiyo iliyomtangulia kaburini.

Dada yangu hakunilaumu. Alisema tu, kwa neno la Kilwa la kumwita kaka mkubwa, "Yaya, ulikuwa unapiga foto ya nani?"

Boti ilibaki kwake. Ni boti ya mbao ya kawaida, ya kubeba wavu, taa na wanaume wanne wasionenepa. Kwa mwaka mzima aliikodisha kwa vijana, na kwa mwaka mzima hakulala vizuri. Upepo ukivuma, yuko macho. Boti ikichelewa kurudi, yuko ufukoni. Vijana wakisema hawakupata kitu, anawaamini au hawaamini, hana namna ya kujua. Yeye alitaka kitu kimoja: aiuze, anunue belo ya salaula, zile nguo za mitumba zinazofungwa kwa waya, awe anakwenda kuziuza sokoni Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, ambako watu waliovuka na nguo moja mwilini wanahitaji ya pili. Belo haizami, alisema. Na ilibidi auze kabla ziwa halijafungwa. Kila mwaka mvua zikikolea serikali hufunga uvuvi miezi mitatu samaki wazae, na boti inayokaa nchi kavu miezi mitatu hufunguka maungio, mbao zinaachana kama meno ya mzee. Baada ya hapo hununui boti, unanunua kuni.

"Nipigie foto," aliniambia. "Ya boti. Tutume kwa wachuuzi, waipeleke ng'ambo. Kule wanatafuta."

"Nitakuja jioni."

"Kuja sasa. Iko pale, haiendi mahali."

"Sasa hivi mwanga ni mbaya."

Alinitazama kama anavyotazama vijana wa kukodi. "Yaya, mi nauza boti. Siuzi mwanga."

Nilikwenda jioni. Nikamwondolesha mabeseni, nikamfukuza mbwa, nikasogeza nguzo ya kuanikia nyavu. Mbele ya boti kulikuwa na kamba ya nanga iliyojikunja vizuri mchangani. Nikaipanga upya ijikunje vizuri zaidi. Kisha nikalala, viwiko chini, simu mkononi. Nilipotazama kwenye kioo nilishtuka kwa raha. Omo, ile pua ya mbele ya boti, ilikuwa imeinuka juu ya ziwa kama kanisa. Mstari wa maji ulipita katikati ya ubavu wa boti, chini kabisa katika picha, na juu yake mbingu nzima ya rangi ya embe. Nilipiga mpaka shingo ikakakamaa.

Dada yangu alichukua simu, akaangalia muda mrefu.

"Hii boti ni ya nani?"

"Si yako hii hapa?"

"Inaonekana kubwa."

"Ndivyo picha nzuri ilivyo," nilisema. "Inakuonyesha kitu kwa heshima yake."

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana mtu wa mbali na maji hawezi kulielewa. Sisi watu wa ziwa tunasoma boti kwenye picha kwa namna yetu. Mtu akisimama ufukoni, mstari wa mbali uko sawasawa na macho yake. Akiwa mrefu unapanda naye, akichuchumaa unashuka naye. Hakuna aliyetufundisha, tumekua nao. Kwa hiyo ukituonyesha picha ya boti iliyovutwa mchangani, kabla ya rangi na kabla ya mbao tunatafuta ule mstari umepita wapi. Ukipita juu ya boti, hiyo ni boti ya kufika kiunoni, ya kuvulia. Ukipita katikati ya ubavu, basi ubavu huo unampita mtu kichwa, na hiyo ni boti ya kuvusha abiria na magunia. Mtu wa Lusaka angeuliza ina futi ngapi. Mtu wa Mweru haulizi, ameshaona.

Na mpiga picha anasimama. Hilo pia hakuna anayeuliza. Nani anauza boti akiwa amelala?

Nilijua. Sikujua tangu mwanzo, nilipolala, lakini nilipoitazama ile picha nyumbani nilijua vizuri sana mtu wa Kilwa ataisoma vipi, kwa sababu mimi mwenyewe jicho langu liliisoma hivyo kwanza, kabla akili haijasahihisha. Nikasema moyoni ni sanaa. Nikaituma kundini, mama wa Mwanza akaandika "Mzee, leo umetisha," na baada ya sifa hiyo hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Nikawatumia wachuuzi.

Majibu yalikuja upesi. Mtu mmoja wa Kilwa, mwenye kuvusha wafanyabiashara, alipiga simu kwa dada yangu. Aliongea kama mtu anayekula huku anatembea.

"Mama, ile boti inabeba batu ngapi?"

"Bwana yangu alikuwa anaenda na batu ine," dada akasema. "Na wavu."

Yule mtu alicheka sana. "Na wavu," alirudia. "Mama, we ni mutu ya kujishusha. Napenda biashara na batu ya kujishusha. Usiuzie mutu mwingine."

Dada yangu alinitazama, simu bado sikioni. Mimi nilikuwa naangalia kucha zangu.

Alikuja siku ya utulivu, asubuhi, kwa boti ya kukodi iliyojaa. Alikuwa na wanaume wanne wa kuirudisha boti, mashine ya boti imefungwa kwenye turubai, kopo la rangi ya bluu, na fundi wa kuandika jina ubavuni. Alivaa suruali ya kitambaa yenye mstari wa pasi, na aliiinua kwa vidole viwili alipokuwa anashuka majini. Wanawake wa chisense waliacha kazi. Mtu akishuka na kopo la rangi, kuna jambo.

"Mama, jambo yako. Njo shiye, tumefika. Iko wapi?"

"Karibu, patron. Iko nyuma yako."

Aligeuka. Kwanza alitazama juu, kama mtu anayetafuta paa. Kisha macho yakashuka, yakashuka, yakafika. Alisogea mpaka boti ikamgusa. Ukingo ulimfika kwenye mkanda.

Alitoa simu, akaitazama picha. Akaitazama boti. Akaenda upande wa pili, akafanya tena hivyo hivyo.

"Hii ni mutoto," alisema mwishowe. "Mama yake iko wapi?"

Ufuko wote ulicheka. Sijui kama kuna kicheko kibaya zaidi ya kile ambacho wewe pia ungecheka kama isingekuwa wewe.

"Pengine imenyeshewa mvua, ikasinyaa," mmoja wa wanaume wake akasema.

"Nguo njo inasinyaa."

"Basi wameiosha."

Fundi wa jina alikuwa ameshapima ubavu kwa shubiri. "Patron, jina haitoshi. Labda tuandike herufi ya kwanza."

Yule mtu hakucheka. "Foto alipiga nani?"

Dada yangu hakunyoosha kidole. Aliangalia ziwa. Lakini wanawake wote wa chisense waligeuka kunitazama mimi, wakiwa na mabeseni vichwani, na hiyo ilitosha.

"Papa, ulisimama wapi?"

"Sikusimama."

"Ulikaa?"

"Nililala."

"Ulikuwa mugonjwa?"

Nikaanza kumweleza. Nilisema kuhusu mstari kuuteremsha ili mbingu ipate nafasi, kuhusu kamba ya mbele inayomkaribisha mtazamaji ndani, kuhusu jua. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikieleza mambo ya kweli kabisa kwa mtu aliyevuka ziwa na kopo la rangi, na kadiri yalivyokuwa ya kweli ndivyo yalivyozidi kuwa upuuzi. Nilimalizia kwa kusema ni mtindo.

"Lala nione," alisema.

Nililala. Alinitazama kutoka juu, halafu, jambo ambalo sikulitegemea, akaikunja suruali yake, akalala kando yangu. Tulikuwa pale wazee wawili, yeye kijana kidogo kuliko mimi, mashavu kwenye mchanga, tukitazama boti ya marehemu shemeji yangu. Omo iliinuka. Mbingu ilifunguka nyuma yake.

"Ukweli," alisema polepole, "ukiwa hapa ni muzuri." Akajifuta chisense shavuni. "Lakini mi sikuja kuishi hapa chini."

Akasimama. Na hapo hasira yake ikafika, imechelewa lakini imefika. Alisema boti yake ya zamani ameshaiuza. Alisema kuna wachuuzi wanaomngoja na mizigo yao. Alisema mambo mengine kuhusu Wazambia, kisha dada yangu akamjibu kwa Kiswahili cha Kilwa cha mama yetu kwamba sisi tumezaliwa mtaa wa nyuma ya soko kule kwao, akageuza matusi yote yakawa ya ukoo. Dada hakujitetea kuhusu boti. Alisema tu, "Patron, mi nilikwambia batu ine."

"Ulisema," alikubali. Hilo lilimchoma zaidi. "Ulisema na wavu."

Nilitaka kuondoka. Nakiri. Niliangalia njia ya kwenda barabarani nikahesabu kwamba hakuna atakayenifuata. Lakini mvua zilikuwa zimekaribia, hakukuwa na mnunuzi mwingine, na picha ile ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za ng'ambo yote. Kesho Kilwa nzima ingejua. Hata kama dada angepiga picha ya haki, nani angeiamini, inayotoka ufuko ule ule, kwa mzee yule yule? Boti ingekaa pale mpaka ifunguke, na salaula ingebaki neno.

Ni yeye mnunuzi aliyesema, akiwa amekalia kopo lake la rangi, kwamba ana shemeji, kaka wa mke wake, mvuvi wa chisense. Huyo boti ya kufika mkanda ndiyo saizi yake. Akampigia, akamweleza, tukasikia kicheko kikitoka kwenye simu kwa muda usio wa heshima. Baadaye ukaja ujumbe wa sauti, akauweka wote tuusikie.

"Mwambie huyo muzee asimame. Asimame kama mutu. Na mama mwenye boti asimame pembeni, niangalie inamufika wapi. Jua iwe nyuma ya muzee, sitaki jua nyuma ya boti, sitaki rangi. Na asiondoe kitu."

Nikasimama kama mtu. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni mwangu, limenyooka, limechosha, halina huruma kwa chochote. Mabeseni yalikuwepo, mbwa alikuwepo, suruali ya mtu ilikuwa imeanikwa kwenye nguzo. Dada yangu alisimama kando ya boti, mkono juu ya ukingo, hakutabasamu. Mstari wa maji ulikata picha katikati kabisa, na ulipita kichwani mwake kutoka sikio hadi sikio kama kijiti cha mishikaki. Kila kitu nilichofundishwa kisifanywe kilikuwa ndani yake. Kidole changu kilisita. Namwambia msomaji ukweli: hata wakati ule, jamaa wameudhika vile, dada yangu amesimama vile, mimi nilitaka kusogea nusu hatua ili mstari usimpite kichwani.

"Papa," mnunuzi akasema nyuma yangu, "usicheze."

Nikapiga.

Jibu lilikuja. "Ile njo boti. Naona hadi mbao imefungwa wapi. Naichukua." Tulianza kupumua, kisha sauti ikaendelea: "Lakini mumetembeza shemeji yangu bure. Waongeze wavu. Na mwambie mama, ikiingia maji njiani, inarudi kwake."

Wavu haukuwa wa kuuzwa. Dada alikuwa ameuhifadhi chumbani, umekunjwa ndani ya gunia. Marehemu mume wake aliutia viraka mwenyewe kwa miaka, na viraka vyake vilijulikana, kwa sababu alikuwa anafunga fundo kwa mkono wa kushoto. Vijana wa kukodi walikuja na nyavu zao, ule hawakuugusa.

Nikasema nitatoa kitu kingine. Nilimpa mnunuzi simu yangu.

Aliigeuza mkononi. "Na hii nitavua nini? Mawingu?" Akanirudishia, bila ubaya.

Dada yangu alikwenda nyumbani, akarudi na gunia kichwani. Hakulifungua kuangalia mara ya mwisho, kama nilivyofikiri atafanya. Alilitupa ndani ya boti, likatoa vumbi. Fedha ikatolewa, ikahesabiwa na mtu mwingine, si mimi. Wanaume wanne wakaisukuma boti majini, wakafunga mashine, wawili wao wakabaki na fundi kungoja boti ya abiria, na yule mnunuzi akapanda mwisho, suruali imekunjwa, kopo la rangi kwenye mapaja. Alipofika mbali kidogo aliinua mkono. Nafikiri alimwinulia dada.

Tulikaa mchangani. Pale boti ilipokuwa kulibaki shimo refu lenye unyevu, na kaa mdogo alikuwa ameshaanza kulichunguza.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Usiku ule ule. Kabla sijatuma."

Alitikisa kichwa, siyo kwa hasira. "Na mi niliona. Siku ile ile niliona, yaya. Nikasema acha, pengine atakuja mutu mufupi."

Sikucheka hapo hapo. Yeye ndiye aliyeanza, mabega kwanza, halafu akaacha ghafla akajifuta uso kwa chitenge. "Wavu, lakini," alisema.

"Nisamehe."

"Nimesikia."

Sikuwa na haki ya kudai zaidi. Mambo mengine niliyoharibu katika maisha yangu niliyaharibu kwa ulevi au kwa uvivu, na mtu anaweza kusema nimeacha. Hili nililiharibu nikiwa mzima, nikiwa na bidii, nikiwa nimejifunza vizuri.

Fedha aliiweka ndani ya sufuria, hakuigusa. Belo hakuiulizia. Ikiingia maji inarudi, walisema, na boti ilikuwa imekaa mchangani wiki nzima ya jua ikingoja mnunuzi. Mchana upepo ulivuma kutoka kusini. Hakula. Mimi niliketi naye barazani kwa sababu sikujua pa kwenda. Simu yangu ilipolia kundini, mama wa Mwanza akiuliza kwa nini leo niko kimya, niliizima.

Kesho yake, tulipokuwa tunakunywa chai, simu ya dada ikatoa mlio. Ilikuwa picha kutoka Kilwa. Nikasogea. Nimeshaona picha mbaya, nyingi ni zangu, lakini hii ilikuwa na makosa yote kwa pamoja. Kidole gumba cha mpigaji kilifunika theluthi ya mbingu. Mstari wa maji ulipanda kushoto kama barabara ya mlimani. Omo ilikuwa imekatwa. Nilifungua mdomo.

Dada yangu alikuwa ameshaikuza kwa vidole viwili. Hakutazama mbingu wala mstari. Alikwenda moja kwa moja kwenye sakafu ya boti, pale chini kabisa ambapo maji hujikusanya. Kulikuwa na gunia la wavu, limefunguliwa, na juu ya wavu kuku mmoja mweupe amelala, macho amefumba.

"Kavu," alisema.

Akaitazama tena ili ahakikishe. Kuku hakuwa amelowa hata unyoya. Dada akamalizia chai yake amesimama, akachukua sufuria, akavaa viatu, akaenda mjini kuulizia belo.